Kodi ya Mzigo Uliolala

Jina la Shamsia Abdulwahab lilipotokea kwenye kompyuta yake, Zuleha binti Said alikuwa anamenya chungwa. Aliliweka juu ya meza, akajifuta vidole, akalisoma lile jina upya, polepole, kama mtu anayeichunguza noti asiyoiamini. Chini yake paliandikwa: mwenye duka, mkazi wa Leipzig, Ujerumani. Bidhaa, vikapu na mikeka ya ukindu. Mwakilishi wake Tanzania, Abdulwahab Jabiri, mwenye ghala, Mbwawa, Kibaha.

Alilirudia chungwa lake akalimaliza. Lilikuwa chachu, lakini hakusikia ladha yoyote. Tangu akiwa msichana wa shule alikuwa akimwomba Mungu amtie huyu Abdulwahab mkononi mwake, na alikuwa amekwisha kukata tamaa. Sasa Mungu alimleta asubuhi na mapema, hapa Maili Moja, katikati ya faili la Mdachi muuza mishumaa na la Mfaransa muuza kamba za mbwa.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Mwenye ofisi aliitwa Justa, mwanamke mnene, mcheshi, mtu wa parokia, aliyewahi kuwa mkaguzi wa hesabu serikalini mpaka alipochoka. Kazi yao ilikuwa ya ajabu kidogo kuieleza kwa majirani. Huko Ulaya kuna watu wanaouza vitu mtandaoni bila kuwa na duka wala stoo. Mzigo wao unakaa kwenye ghala la kukodi, mara nyingi katika nchi nyingine kabisa, ambako ujira ni mdogo. Mteja akinunua, mtu wa ghalani anachukua boksi kwenye rafu, anabandika karatasi ya anwani, boksi linaondoka. Muuzaji halioni, mteja hamwoni muuzaji. Lakini kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo mjini kila mtu anaiita VAT, lazima ilipwe, na kila nchi inaitaka kwa namna yake. Kampuni moja ya Uholanzi ilikuwa inawashughulikia wauzaji wa aina hiyo, na sehemu ya hesabu ikawa imempa Justa. Zuleha alikuwa na digrii ya uhasibu na miaka mingi ya kazi. Katika ofisi ile yeye ndiye aliyeshika Poland na Ucheki.

Katika sheria zote za kazi hiyo kulikuwa na moja aliyoipenda, naye hakuwahi kumwambia mtu sababu. Sheria yenyewe inasema hivi: mzigo wako ukilala kwenye ghala la nchi fulani, hata kama bado haujauzwa, nchi hiyo inakutaka ujiandikishe kwake kama mlipakodi. Wauzaji wengi huangukia hapo. Ghala la Ujerumani likielemewa, wenye ghala huhamishia mizigo Poland au Ucheki, kwa idhini ambayo muuzaji aliitoa kwa kutiki kisanduku kidogo siku ya kujiunga. Muuzaji anaona ni vizuri, gharama imeshuka. Hajui kwamba siku hiyo amekuwa mlipakodi wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Zuleha aliipenda sheria hiyo kwa sababu ilikuwa sheria ya kwanza aliyowahi kukutana nayo inayouliza mzigo umelala kwa nani.

Kwao, Masaki ya Kisarawe, swali hilo haliulizwi. Msimu wa korosho unakutana na mvua za vuli, na zamani nyumba nyingi zilikuwa za makuti. Mwenye makuti hupeleka magunia yake kwa mwenye bati. Wanaita kulaza mzigo. Unafika jioni na baiskeli, unasema, "Nimekuja kulaza," mwenyeji anakuonyesha pembe ya chumba, unapanga magunia yako, mnakunywa chai, unaondoka. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi pia, kwa maana kumletea mwenzako shahidi siku ya kulaza ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Mnunuzi akija unachukua mzigo wako, unamwachia mwenye nyumba kidogo cha kutafuna, basi.

Baba yake, Said bin Salehe, alilaza korosho za msimu mzima kwa Abdulwahab. Hawakuwa majirani tu. Walitahiriwa jando moja, wakauguza vidonda vyao kwenye kibanda kimoja porini, na kwa watu wa pale hilo ni jambo zito kuliko kuzaliwa tumbo moja. Kwa hiyo Said alipokwenda kuchukua magunia yake akayakuta yameshonwa upya, kwa uzi ambao si wake, alidhani kwanza panya walikuwa wameyatoboa, na mwenzake akamsaidia kuyashona. Alimshukuru. Abdulwahab akamtazama akasema, "Magunia gani, Said?"

Zuleha alikuwepo. Alikuwa kidato cha tatu, amekuja na baba yake kusukuma baiskeli.

Jambo lilifika msikitini. Said hakuwa na shahidi wala karatasi, na mtoto wa mtu si shahidi wa baba yake. Abdulwahab akaulizwa kama yuko tayari kuapa. Akatawadha, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba Said hajapata kulaza hata korosho moja nyumbani kwake. Basi likaisha. Tangu siku hiyo, baba yake akawa Said Magunia. Watoto waliimba shuleni. Mtu akisema uongo dukani waliambiana, "Acha magunia yako." Said akahamia porini kuchoma mkaa, si kwa sababu mkaa ulilipa, bali kwa sababu pori halina maneno. Moshi ukamwingia kifuani. Alipokufa, Abdulwahab alikuja mazikoni, akavua viatu, akashuka kaburini, akampokea marehemu kwa mikono yake miwili. Mtu mmoja nyuma ya Zuleha akasema kwa huruma kabisa, "Marehemu alikuwa na maneno yake, lakini Mungu amsamehe."

Amsamehe yeye! Neno hilo Zuleha alikuwa amelibeba chuoni, kwenye ndoa iliyovunjika, kwenye chumba chake cha kupanga Kibaha, na halikuwahi kupungua uzito.

Sasa alilifungua faili. Lilikuwa la mtu mwaminifu na mzembe. Shamsia alikuwa ameolewa Ujerumani, akafungua duka la mtandaoni, na baba yake alikuwa akimkusanyia vikapu kutoka kwa wasukaji wa Masaki na Dutumi, akiviweka kwenye ghala lake la Mbwawa na kuvisafirisha. Kodi ya Ujerumani ilikuwa imelipwa yote. Lakini vikapu vilikuwa vimelala Poland miaka na miaka, na vingine Ucheki, na nchi hizo hazikuwa na habari naye. Mtu wa Uholanzi alikuwa amemuuliza kwa nini alitoa idhini ya kuhamisha bila kujiandikisha. Jibu la Shamsia lilikuwa humo humo kwenye faili: "Nilimuuliza baba. Aliniambia kuhifadhi si kuuza, mzigo ukilala kwa mtu unabaki wako na haudaiwi kitu. Nikatiki."

Zuleha alicheka kwa sauti mpaka Justa akageuka na kiti chake.

"Zuleha, umepata mchumba mtandaoni?"

"Nimepata kilicho bora kuliko mchumba, dada Justa."

"Basi ni kiwanja chenye hati. Kiko wapi, na mimi ninunue?"

"Hiki hakinunuliki, dada."

Justa akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na desturi ya kumwachia kila mtu apange foleni ya mafaili yake mwenyewe, mradi mwezi uishe salama.

Sasa Poland wana kitu kimoja ambacho Zuleha alikijua vizuri. Ni barua ya kujitaja. Wao wenyewe wana jina lake, na jina hilo likiletwa kwenye lugha yetu linakuwa karibu sana na toba. Mtu akijitokeza mwenyewe, akasema nilikosa, nilikosa hivi, na kodi yangu ni hii, atalipa kodi na riba lakini haadhibiwi. Ila lazima atangulie. Serikali ikishamwandikia kwanza, toba yake haina kazi tena. Na mwaka huo serikali ya huko ilikuwa inakusanya majina ya wauzaji kutoka kwenye masoko ya mtandaoni, herufi baada ya herufi. Kila mhasibu alilijua hilo. Faili la namna hii lilitakiwa litangulizwe mbele ya mengine yote.

Zuleha alilishusha chini kabisa ya foleni. Halafu akaenda kunawa mikono.

Shamsia alipiga simu ya video wiki iliyofuata. Alikuwa amenenepa, amevaa sweta, na nyuma yake kulikuwa na dirisha lenye mwanga wa kijivu. Alipoiona sura ya Zuleha alipiga ukelele.

"Zule! Si wewe? Ni wewe! Mungu wangu, Zule wa Masaki!"

"Ndiye mimi."

"Nimeona jina nikasema haiwezekani. Unanikumbuka lakini? Tulikaa dawati moja."

Zuleha alimkumbuka. Baada ya kile kiapo watoto wote walihama dawati lake isipokuwa huyu mmoja, binti wa mwapaji mwenyewe. Alibaki hapo mpaka mwisho wa mwaka, akichapwa nyumbani kwa ajili hiyo. Hilo nalo Zuleha alikuwa amelibeba, lakini alilifungia mbali na yale mengine.

"Nakukumbuka," alisema.

"Basi nimeokoka. Zule, mimi silali. Mume wangu haelewi, na mimi ndiyo kabisa. Nitafungwa?"

"Hufungwi. Faili liko kwenye foleni."

"Kama ni kulipa nitalipa. Ila kwa mkupuo siwezi, Zule, nitakufa. Yule wa Uholanzi amesema kuna ombi la kulipa kwa awamu, linakwenda pamoja na barua. Utaliambatanisha, eti?"

"Nitaangalia."

"Na baba atakuja hapo ofisini kukuletea risiti za mzigo. Mzee amechoka siku hizi, mvumilie."

"Mwambie aje," alisema Zuleha. "Nina hamu naye."

Abdulwahab alikuja siku ya Jumanne, amevaa kanzu safi na koti, amebeba mfuko wa risiti na bakuli la plastiki lenye korosho za kukaanga kwa ajili ya watu wa ofisi. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakumtambua. Justa alikuwa ametoka kwenda benki, na ofisini walikuwa wawili tu.

"Shikamoo," alisema Zuleha.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Zuleha. Binti yangu kaniambia nisiongee na mwingine."

"Kaa, Ba'mdogo. Ndiye mimi."

Yule mzee aliketi, akatabasamu kwa lile neno. "Ba'mdogo! Basi weye ni wa kwetu. Wa wapi?"

"Masaki."

"Masaki ya nani?"

"Ya Said bin Salehe."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alisogeza lile bakuli kidogo juu ya meza, akalirudisha lilipokuwa.

"Said," alisema.

"Said Magunia. Sema tu, Ba'mdogo. Ndivyo mlivyomwita."

"Mimi sijapata kumwita hivyo."

"Hukuwa na haja. Wenzako walikusaidia."

Zuleha akavuta kiti, akaanza kumweleza jambo la Poland kwa upole kabisa, kama anavyomweleza mteja yeyote: ghala lilivyohamisha, nchi inavyotaka kujiandikisha, miaka iliyopita, kodi iliyolimbikizana. Abdulwahab alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyochukia, mpaka akajisahau ameketi mbele ya nani.

"Lakini huo ni uonevu!" alisema. "Mzigo haujauzwa! Umelazwa tu. Mtu akilaza mzigo wake kwa mwenzake unabaki wake, nani asiyejua jambo hilo? Hata mtoto mdogo analijua!"

Zuleha aliweka kalamu chini.

"Rudia, Ba'mdogo."

"Nini?"

"Hayo uliyosema. Sikuyasikia vizuri. Mtu akilaza mzigo wake kwa mwenzake..."

Chini, dukani, mtu alikuwa akiangusha mabati kwenye gari, moja baada ya jingine. Walikaa wakiyasikiliza. Mzee alifungua kinywa mara mbili akakifunga, na Zuleha akamwangalia akihangaika, asimsaidie kwa neno wala kwa jicho. Aliona jasho likitoka chini ya kofia yake. Alitamani mabati yasiishe.

"Unataka nini?" Abdulwahab aliuliza mwishowe.

"Poland wanataka barua. Mtu aseme mwenyewe kosa lake kabla hawajamfuata. Mimi ndiye ninayeiandika, na mimi ndiye ninayejua itakwenda lini. Ijumaa hii au mwezi ujao. Mwezi ujao watakuwa wameshamwandikia Shamsia."

"Shamsia hajakukosea kitu."

"Na mimi nilikuwa nimekukosea nini, nilipoimbiwa shuleni?"

"Weye mtoto una moyo wa..."

"Malizia."

Mzee aliugeukia mfuko wake wa risiti.

"Ijumaa," alisema Zuleha, "baada ya swala, msikiti wa Masaki, mahali pale pale. Utashika kipaza sauti useme ulichomfanyia baba yangu. Usiseme kulikuwa na kutoelewana. Usiseme shetani alipita. Useme magunia, useme kiapo. Mimi nitakuwa upande wa wanawake na simu yangu mkononi. Ukimaliza, barua itakwenda."

"Na nisiposema?"

"Basi faili litakwenda kwa foleni. Hakuna atakayenilaumu. Foleni ni foleni."

Abdulwahab alisimama, akajishika kwenye meza. Alifika mlangoni akageuka, akalitazama bakuli la korosho kama anayetaka kulichukua, halafu akaliacha. Zuleha alilimwaga lote kwenye ndoo ya taka kabla Justa hajarudi.

Siku tatu zile aliishi kama mtu mwenye homa. Aliiona Ijumaa kwa kila namna. Aliona wazee wakinyanyuka mmoja mmoja na kutoka nje, wakimwacha peke yake na kipaza sauti chake. Aliona watu wakikataa kumpa mkono. Aliona watoto wakiimba jina jipya, na jina lenyewe alikuwa ameshalitunga. Aliandika barua ya Poland usiku mmoja na ya Ucheki siku iliyofuata, zimekamilika, Shamsia akazisaini kutoka huko huko. Na lile ombi la kulipa kwa awamu aliliandika pia, akaliweka pembeni, peke yake.

Ijumaa alikwenda Masaki, akamkuta mama yake, Mwanamvua, akisuka ukili, utepe wa ukindu, barazani. Mama hakushangaa kumwona bintiye siku ya kazi, au kama alishangaa hakuonyesha.

"Bado unasukia ghala la Mbwawa, mama?"

"Nitasukia la nani? Hakuna mwingine anayenunua."

"La Abdulwahab."

"Najua la nani. Nauza kikapu mwanangu, siuzi salamu."

Zuleha alimwambia kitakachotokea msikitini. Mama yake alisuka mpaka ule utepe ukaisha, akaongeza mwingine, akasema tu, "Twende basi. Nichukulie mtandio."

Na Abdulwahab alisema. Hilo lazima liandikwe, kwa sababu ni kweli. Baada ya swala alimwendea imamu, akanong'ona naye, akapewa kipaza sauti. Wanawake nyuma ya pazia walisikia kikohozi, halafu sauti ya mzee, kavu, isiyo na pambo.

"Ndugu zangu, mnaomkumbuka Said bin Salehe. Said alilaza korosho zake kwangu. Nikayashona upya magunia yake, nikayauza. Akaja hapa kunishitaki, nami nikaapa hapa hapa, mkono wangu juu ya Msahafu, na nilijua ninachokisema. Said hakuwa mwongo. Mwongo ni mimi."

Zuleha alishika pazia kwa vidole. Sasa, alijiambia. Sasa.

"Allahu akbar!" mtu akapaza sauti, na wengine wakaitika, na msikiti mzima ukavuma. Imamu, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuja Masaki juzi juzi, akatwaa kipaza sauti huku sauti ikimtetemeka. Akasema ni nani kati yetu leo anaweza kufanya alichofanya mzee huyu? Akasema huyu ndiye mwanamume. Wazee waliokuwepo siku ya kiapo walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, aliuliza pembeni mwa Zuleha, "Said ndiye nani?" Na mwenzake akamjibu, "Sijui, mtu wa zamani." Kisha ikaombwa dua. Walimwombea Abdulwahab dua ndefu, afya, umri na malipo ya toba yake. Walimwombea Said dua fupi.

Zuleha alipotoka nje alimkuta mzee amezungukwa. Watu walikuwa wakimpa mkono kwa foleni. Kijana mmoja alimbusu kiganja. Uso wake ulikuwa umelowa machozi na ulikuwa umepungua miaka. Alipomwona Zuleha aliwaacha wote akamjia, mikono mbele, na hapakuwa na hata chembe ya kejeli machoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mwanangu," alisema. "Mungu akulipe. Miaka yote ile nilikuwa siswali, nainama tu. Leo nimeswali. Umeniokoa."

Zuleha alisimama pale akiitazama zawadi aliyompa adui yake. Alikuwa amekuja kumvua nguo mbele za watu, na alikuwa amemvisha. Baba yake alikufa na moshi kifuani, na huyu atakufa kama mtu wa toba, na mazikoni mwake watasema mtu alikuwa na ujasiri.

"Barua itakwenda sasa hivi," alisema.

"Najua. Weye ni mtoto wa Said."

Alikwenda akasimama nyuma ya choo cha msikiti, mahali penye mtandao, akafungua simu. Barua zilikuwa tayari. Ombi la awamu lilikuwa pembeni yake, likisubiri kidole kimoja. Alilijua vizuri jambo hili kuliko mtu yeyote pale Masaki: barua bila ombi, na serikali ingetaka yote kwa mkupuo, na ombi likija nyuma yake lingezunguka miezi, na ndani ya miezi hiyo akaunti ya benki ingefungiwa na vikapu vingezuiwa ghalani. Alijua jina lililo kwenye akaunti ile si la Abdulwahab. Alimwona msichana aliyebaki peke yake dawatini. Alimwona vizuri, hata ile lesi iliyofumuka kwenye kola ya shati.

Akatuma barua. Ombi hakulituma.

Alikuwa ametimiza neno lake lote. Hakuna mtu angeweza kumwekea Msahafu mbele yake akashindwa kuapa.

Yaliyofuata yalikwenda kama alivyojua yatakwenda. Shamsia hakuadhibiwa, lakini alitakiwa kulipa yote. Duka lake likasimama. Abdulwahab aliuza ghala la Mbwawa ili amtumie mwanawe, na aliyelinunua analaza humo saruji. Watu wakasema ni mtihani wa Mungu kwa mtu aliyetubu, wakazidi kumheshimu. Shamsia aliuliza mara moja tu kuhusu lile ombi, Zuleha akamjibu kwamba halikuambatanishwa. Hakuandika samahani. Jibu lilikaa muda mrefu kabla Shamsia hajaandika maneno mawili, "Ungeniambia tu," na baada ya hapo picha yake ikatoweka kwenye simu. Justa, aliyelipitia faili mwisho wa mwezi, alimwita, akamwonyesha kwa kalamu mahali ombi lilipotakiwa kuwa. Hakumfukuza. Alimnyang'anya Poland na Ucheki, akampa Ubelgiji, na tangu siku hiyo hakumtania tena.

Alipokwenda Masaki mara nyingine, msimu wa mafuta ya korosho kuwababua wanawake mikono ulikuwa umeanza. Chumba cha mbele cha mama yake kilikuwa kimejaa vikapu. Vilikuwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine mpaka darini, vyeupe na vya zambarau, vikinuka ukindu mbichi. Hakuna wakala aliyekuja kuvichukua, na nyumba za jirani zilikuwa hivyo hivyo. Mwanamvua alikuwa barazani, ameketi mguu mmoja ameunyoosha, anaendelea na ukili kama kwamba gari litafika jioni.

Zuleha alimwamkia, akaketi kwenye kizingiti. Alisubiri mama yake aseme neno. Mama yake alilowesha ukindu kwa maji, akaupasua kwa kucha, akauingiza mahali pake.

"Sijutii, mama," alisema Zuleha.

"Sijakuuliza," alisema Mwanamvua, na akaendelea kusuka.